Maji ya Harusi ya Sechelela

Maharage yaliiva kabla ya wakati, na Bi. Yunisi mpishi akayachukia kwa hilo.

Mgeni wa mji wa Itumba hatamwelewa. Kwa watu wa Itumba maharage ni kitu kikaidi. Maji ya visima vyao yana chumvi, na hata yale ya ziwani yanayoletwa na maboza huchanganywa na ya visima ili yatoshe kila nyumba. Ukibandika sufuria alfajiri, utakula baada ya adhuhuri, na bado meno yatafanya kazi. Bi. Yunisi alikuwa amepikia harusi za mji huo tangu enzi za kuni, kabla ya majiko yanayotunza joto la jua, na siku yake yote alikuwa ameipanga kwa kuufuata ukaidi huo. Sasa jua halijachomoza sawasawa, mchele haujachaguliwa, wakwe bado wako njiani, na maharage yamelainika yanangoja kuliwa. Alisimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi akayagombeza kwa muda mrefu.

Wanawake waliokuwa uani walicheka, na Debora Chedego akacheka nao. Siku nyingine zote watu walimwita Injinia, lakini siku hiyo alikuwa amefunga kanga kiunoni na beseni la vitunguu lilikuwa mapajani mwake. Bibi harusi, Sechelela, alikuwa binamu yake, na kazi ya binamu katika harusi za Itumba ni vitunguu. Mtu akampa kikombe cha chai ya maziwa. Debora alipiga funda moja, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Maziwa hayakuwa yamekatika. Hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana maji ya chumvi huyakata. Kisha, nyuma kabisa ya ulimi, ukaja utamu mdogo wa mawe, ambao mtu asiyeuzoea angedhani ni sukari. Debora aliuzoea. Alikuwa akiunywa kila asubuhi kazini kwake, na kwa jinsi alivyojua, hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyewahi kuuonja.

Kazini kwake kulikuwa chini bondeni, kwenye jengo refu jeupe ambalo watu waliliita Figo la Mji. Kila kilichomwagwa Itumba kilifika huko: maji ya kuoga, ya kufulia, ya vyoo vya shule na vya hospitali. Kwanza kilipita katika mabwawa yenye vijidudu vilivyolishwa na kutunzwa kama mifugo, navyo vikala uchafu. Kisha yakafuata mafigo yenyewe. Hizi zilikuwa ngozi hai, zilizooteshwa maabara kwa mfano wa figo la binadamu, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, zimewambwa kwenye fremu zenye urefu wa mlango, fremu baada ya fremu mpaka mwisho wa jengo. Maji yalipenya. Chumvi, dawa na maradhi vilibaki nyuma. Baada ya hapo maji yalipitishwa chumba cha mwanga mkali, kisisalimike kijidudu hata kimoja, na yalipotoka huko yalikuwa safi kupita kiasi, hayana ladha, kuyanywa ni kama kulamba kioo. Ndiyo maana hatua ya mwisho ilikuwa kuyatiririsha juu ya mawe meupe ya kilima cha Chibelela, yarudishiwe madini yake na ule utamu mdogo.

Koki kubwa ya kuyapeleka mjini ilikuwa imefungwa kwa lakiri. Ingefunguliwa Jumatatu, kama watu wangepiga kura ya ndiyo. Wakikataa, basi. Maboza ya ziwani yangekoma mwisho wa mwaka, maana ziwa lenyewe lilikuwa limewekewa mgawo, na serikali ilikwishasema kwamba mji usiokubali kunywa ulicho nacho utahamishiwa ufukweni, kila ukoo upewe kiwanja mahali pake. Wengi walijua wakihama hawataishi tena pamoja. Wengi pia walisema heri hivyo kuliko kunywa kinyesi.

Kiongozi wa hao wa pili alikuwa mwenye nyumba ile ile ambayo Debora alikuwa ameketi uani kwake. Alikuwa Shangazi Peresi, dada wa marehemu baba yake, mama mzazi wa Sechelela. Kauli yake ilikuwa imechorwa kwenye kuta za nusu ya mji: kilichokwenda chooni hakirudi mezani. Alikuwa akipita kati ya wapishi wakati ule ule, kilemba cha rangi ya dhahabu kichwani, kikombe mkononi, akiwaambia wageni kwamba hii sasa ndiyo chai. Huyo mdogo wake Lameki, alisema, pamoja na uzembe wake wote, safari hii amelipata boza la maana. Akaomba aongezewe.

Debora aliweka vitunguu chini na kutoka kimya kimya.

*

Nyuma ya banda la mbuzi aligusa hereni yake ya kushoto. Hiyo ndiyo iliyomuunganisha na akili iliyoendesha jengo lote la bondeni. Jengo liliitwa Figo la Mji, na akili yake watu waliiita Figo tu, kama mtu.

"Figo, kuna mtu amechukua maji hapo langoni?"

"Shikamoo, Injinia," Figo alisema. Hakuanza mazungumzo kamwe bila salamu.

"Marahaba. Kuna mtu amechukua maji?"

"Yupo. Mzee Lameki alikuja jana na matangi juu ya lori. Alipiga hodi, akauliza habari za kazi, akasema anaomba maji. Nikamjazia."

Debora alifumba macho. Kosa lile alilielewa lote kwa mara moja, na alijua kwamba hakuna mji mwingine duniani ambao ungelifanya. Figo alipowashwa mara ya kwanza alikuwa akidai vitambulisho langoni kwa sauti ya hakimu, na akina mama waliokuwa wakipita kutoka shambani walikimbia wakaacha majembe yao. Watu walilalamika kwamba mtambo hauna malezi. Mafundi, wote wazaliwa wa Itumba, wakaona aibu kama vile ni mtoto wao. Walimkalisha Figo msimu mzima wakamfundisha shikamoo, pole na karibu, na wakamfundisha pia sheria ya kwanza ya mji huo mkavu: anayepiga hodi na kuomba maji hanyimwi, wala haulizwi ya nini. Walipoiandika sheria hiyo walimwaza mpita njia mwenye kikombe. Hakuna aliyemwaza Lameki na lori.

Alimuuliza Figo kama alimwambia mzee huyo ni maji gani. Figo akajibu kwamba hakuulizwa, na kwamba kumsimulia mtu mambo ya vyoo wakati ana kiu alifundishwa kuwa si adabu.

"Injinia, nimesikia moyo wako unakwenda mbio," aliendelea. "Usiwe na hofu. Maji yale niliyapima kabla na baada, hakuna atakayeumwa hata tumbo. Ila ukiwaambia leo, harusi itaharibika, na Jumatatu watakataa. Ukisubiri kura ipite ndipo uwaambie, watacheka. Mimi nashauri usubiri."

Lililomuudhi Debora ni kwamba yeye mwenyewe alikwishawaza hivyo hivyo kabla mashine haijasema. Wazo lilikuwa tamu kama chai ile. Watu mia kadhaa wangekunywa, wangekula, wangecheza mpaka miguu iume, na kesho yake wangeamka wazima. Ushahidi gani mwingine ungehitajika? Miaka mingi ya kazi yake ilikuwa ikining'inia kwenye siku hizo mbili, ya harusi na ya kura, na mji pamoja nayo. Angenyamaza tu. Kunyamaza si kusema uongo, alijiambia, na mara akajiona anafanana na mtu anayejifunza kuapa mahakamani.

Akaenda kumtafuta Lameki.

*

Katika harusi za Itumba kuna kamati ya chakula, kamati ya mapambo na kamati ya maji, na hii ya mwisho ndiyo inayoogopwa. Lameki, mdogo wake Peresi, alikuwa mwenyekiti wake. Debora alimkosa asubuhi nzima, na pilau ilikwishaiva alipomkuta chini ya maturubai, suti mpya, anapanga viti vilivyokwishapangwa. Alipomwona Debora anamjia kwa hatua zile, akajua.

Alieleza yote bila kusukumwa. Boza la ziwani lilivunjika ekseli njiani. Alikuwa na siku moja tu. Kwa Peresi, alisema, heri bwana harusi akose pete kuliko wageni wakose maji. Basi akaenda bondeni, na yule Figo wenu akamkaribisha vizuri kuliko ndugu zake mwenyewe wanavyomkaribisha. Alikuwa amekusudia kusema, ila kila alipofungua mdomo dada yake alikuwa anaisifu chai.

"Mwanangu, tunyamaze," akamsihi. "Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yameshaingia matumboni. Wakwe wakishaondoka nitakwenda kumwambia mwenyewe, anipige mbele ya watu akitaka. Mpaka sasa yako kwenye chai, kwenye pilau, kwenye maharage. Hata kibuyu nimeshakijaza."

Kibuyu Debora alikuwa amekisahau.

Zamani mwenyeji alionja pombe kwanza mbele ya mgeni, ili kumtoa wasiwasi kwamba haina sumu. Ukame ulipozidi, Itumba waliiacha pombe wakaweka maji mahali pake, kwa kuwa maji yalikuwa ghali zaidi na yalimpa mgeni heshima kubwa zaidi. Siku ya harusi mama wa binti husimama mbele ya wakwe, hunywa kwenye kibuyu, halafu hutamka: nimeonja mbele yenu, ninajua kilichomo, sijaficha kitu. Wakwe wakishakunywa, binti ni wao. Kila mtu Itumba amewahi kusikia habari ya ndoa iliyovunjika miaka baadaye kwa sababu jambo fulani lilifichwa siku ya kibuyu, ugonjwa au mtoto wa nje. Watu huko husamehe mengi, lakini hilo hawalisamehe.

"Shangazi ataapa kwamba anajua kilichomo," Debora alisema.

"Ataapa bila kujua," Figo akasema sikioni mwake, kwa upole. "Kwa hiyo hatakuwa mwongo."

"Yeye hatakuwa mwongo. Mwongo nitakuwa mimi."

Alisema kwa sauti, na Lameki, ambaye hakuwa na hereni, akadhani anaambiwa yeye. Akainamisha kichwa akasema kwamba hata yeye.

*

Shangazi Peresi alikuwa chumbani kwake, mbele ya kioo, akikifunga upya kilemba. Kutoka barabarani zilianza kusikika honi za magari ya wakwe na vigelegele vya mbali. Debora alifunga mlango, akapiga magoti kama mtu anayesalimia, akasema yote kwa pumzi moja: boza, Lameki, lango, Figo, mafigo, matangi.

Peresi hakugeuka. Alimwangalia ndani ya kioo.

"Na chai?" aliuliza.

"Na chai, Shangazi."

"Nimekunywa vikombe vitatu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kumbe ndiyo maana maharage ya Yunisi yameiva." Akaketi kitandani taratibu, akalishika tumbo kwa mikono miwili kama anayelisikiliza. Tumbo halikusema kitu. Nje vigelegele vilikaribia.

Hasira ilipokuja ilikuja kweli. Peresi alisema kwamba amefanywa mjinga nyumbani kwake, siku ya mwanawe wa pekee, na damu yake mwenyewe. Alisema kwamba kama wangemlisha sumu ingekuwa afadhali, maana aliyekula sumu huzikwa kwa heshima. Debora hakujitetea. Alisema pole, na alimaanisha, na machozi yakamtoka kwa kuwa shangazi huyu ndiye aliyemsuka nywele tangu mama yake alipofariki. Akaahidi kukimbia kisimani akalete maji mengine ya kibuyu, yawe ya chumvi lakini yanayojulikana.

"Na pilau nayo utaitoa kisimani?" Peresi aliuliza. Kisha akamtazama vizuri, safari hii uso kwa uso. "Wewe umeyanywa?"

"Kila siku asubuhi, tangu yalipoanza kutoka."

"Wapi?"

"Kazini. Maabara."

"Nani alikuona?"

"Huwa niko peke yangu. Nafunga mlango ili vumbi lisiingie," Debora alisema.

"Mmekuja kwenye mikutano yetu na picha," Peresi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, jambo ambalo ni hatari zaidi. "Mmekuja na vipimo na wataalamu wa kila namna. Mmetueleza mafigo mpaka nimeyaota. Nikawa nakaa mstari wa mbele nangoja. Nikasema leo watatoa kikombe. Leo mmoja wao ataonja mbele yetu, atutoe wasiwasi, kama watu. Hakuna aliyeonja, Debora. Mezani kwenu mlikuwa na maji ya chupa."

Ilikuwa kweli. Maji ya chupa yaliletwa na mratibu wa mikutano, na Debora mwenyewe alikunywa akaona ni sawa. Mtoto wa Itumba, aliyeifundisha mashine kusema shikamoo, alikuwa amesahau kuonja mbele ya mgeni. Alijihisi amevuliwa nguo.

Honi zilinyamaza, na wimbo wa wakwe ukaingia uani. Peresi alisimama, akanyoosha kilemba, akajifuta chini ya macho kwa kidole.

"Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga," akasema. "Twende. Nawe utasimama karibu yangu, tena osha hayo mavitunguu mikononi."

*

Wakwe walitoka kandokando ya ziwa, watu warefu wachangamfu, na msemaji wao alikuwa Bi. Nyanjige, shangazi wa bwana harusi. Alikuwa mzee mfupi kuliko wote kati yao na mwenye sauti kuliko wote. Walikwisha kunywa chai ya makaribisho na kuisifu. Masalu, bwana harusi, alikaa kwenye ukingo wa kiti, anamtazama Sechelela kama mtu anayeogopa atanyang'anywa. Sechelela alimtazama mama yake, akaona kuna jambo, akaacha kutabasamu.

Kibuyu kililetwa. Peresi alikipokea kwa mikono miwili, akasimama. Badala ya kunywa alimgeukia Debora.

"Kabla sijaonja mimi, aonje mwenye maji haya," alisema. "Wakwe zetu, huyu ni binti wa kaka yangu. Maji yanatoka kwake."

Debora alikipokea kibuyu. Alikuwa amekunywa maji yale asubuhi nyingi kiasi kwamba hakuyafikiria tena, lakini sasa macho yote ya Itumba yalikuwa kooni mwake. Ilimbidi ajilazimishe. Alikunywa funda, na la pili, akajifuta mdomo, akakirudisha. Hapo Peresi akanywa. Alikunywa kwa makusudi, polepole, watu waone shingo yake inavyopanda na kushuka.

"Nimeonja mbele yenu," alisema. "Ninajua kilichomo. Nimekijua sasa hivi, ndani ya chumba changu, na nimekasirika, na bado nimekasirika. Humu mna maji ya Figo la Mji. Ni maji yetu ya vyooni, yamesafishwa. Ndiyo yaliyopika pilau. Ndiyo chai mliyonywa. Hayakuletwa kwa hila. Yameletwa kwa makosa, na aliyekosa ni ndugu yangu Lameki, mnayemwona pale anataka kuingia chini ya meza. Mimi ndiye niliyewaambia watu wasiyanywe. Leo nimeyanywa nikijua. Sijaficha kitu. Anayetaka kuondoka aondoke, hatutamsema."

Debora akaongeza kwamba kosa ni la kwake pia, kwa kuwa lango ni lake, na akaomba radhi kwa wote waliokula na kunywa bila kuambiwa. Hakusema neno lolote juu ya Jumatatu.

Hakuna aliyeondoka mara moja. Kijana mmoja aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amejiosha uso. Mzee Chilongola, jirani, ambaye alikuwa na sahani ya tatu ya pilau, aliitua magotini akaitazama sana. Akatazama watu. Akaichukua tena akaendelea. Masalu alikuwa amemshika Sechelela mkono, na ilionekana wazi kwamba hata kibuyu kingekuwa na mafuta ya taa angekinywa. Lakini si yeye mwenye neno. Macho yote yalikuwa kwa Bi. Nyanjige.

Bibi huyo alikunja uso. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ikachukua muda watu kutambua kwamba anacheka.

"Mkwe wangu," alisema alipopata pumzi, "mimi nimezaliwa ufukweni. Nimekunywa ziwa tangu nikinyonya. Hebu niambie, huko ziwani samaki wamejengewa wapi choo?"

Kicheko kilianzia kwa wakwe kikaenda mpaka jikoni. Nyanjige alinyoosha mkono akasubiri watulie, na aliposema tena hakuwa akitania.

"Mficha uchi hazai. Nimeozesha watoto wengi, na nimepewa vibuyu vingi na watu waliojua kuapa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeambiwa ukweli wote. Mtoto aliyelelewa na mama kama huyu, namtaka. Lete."

Akanywa mpaka kibuyu kikageuka juu chini. Vigelegele vilivyopigwa viliwatisha mbuzi wa Peresi wakavunja ua, na sehemu ya mchana huo ilitumika kuwakimbiza, suti na magauni kwa pamoja. Watu wa Itumba bado husema hapajawahi kuwa na harusi iliyochezwa vile. Maharage yaliisha mapema, Bi. Yunisi akawa anapita akijisifu kwamba yeye ndiye aliyeyalainisha.

*

Jioni Lameki aliosha sufuria zote peke yake, kwa amri ya dada yake, na suti akiwa nayo mwilini. Debora alimsaidia kupangusa. Peresi alipita karibu yao amebeba viatu mkononi, miguu imevimba kwa kucheza.

"Nimekunywa kwa ajili ya mwanangu," alimwambia Debora bila kusimama. "Kura ni jambo jingine."

Debora aliitikia ndiyo Shangazi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba kwa saa kadhaa alikuwa ameisahau kura, na sasa ilimrudia. Alipobaki peke yake aligusa hereni.

"Figo, mtu akija langoni akiomba maji, bado utampa."

"Nitampa, Injinia."

"Lakini kabla hujampa, mwambie ni maji gani na yametoka wapi. Mwambie yote. Hata kama ana haraka, hata kama ni aibu. Asipotaka, mwambie karibu tena."

Figo akauliza kama hilo ni adabu. Debora akamwambia kwamba ndiyo adabu yenyewe.

Jumatatu, kabla vituo vya kura havijafunguliwa, Debora alishuka bondeni akatoa meza nje ya lango, akaweka juu yake jagi moja na kikombe kimoja. Aliketi nyuma ya meza hiyo barabarani. Kila mpita njia aliyesimama, alimmiminia maji, akaonja yeye kwanza, ndipo akampa kikombe. Wengine walipokea. Wengine walimsalimia wakapita, naye akawaitikia. Hakujua mambo yatakuwaje.

Ndipo akaona kilemba cha dhahabu kinateremka mlimani. Shangazi Peresi alikuwa na ndoo ya plastiki mkononi, ile kubwa ya bluu ya kuchotea maji ya boza. Nyuma yake walikuja Mzee Chilongola na Bi. Yunisi, na nyuma ya hao wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na chombo chake, wakizungumza habari za harusi. Peresi alipofika mezani hakukigusa kikombe. Alimpita Debora, akasimama mbele ya lango.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Mama. Shikamoo," Figo alijibu.

"Marahaba. Naomba maji."

"Nitakupa, Mama. Lakini sharti nikwambie kwanza. Maji haya yametoka vyooni na mabafuni mwa mji huu, mwa kwenu pia. Yamepita mabwawani, wadudu wakala uchafu. Yamepita kwenye mafigo..."

Aliendelea hivyo, hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa: chumvi, dawa, mwanga, mawe ya Chibelela. Watu walisikiliza wote. Peresi alimwacha amalize bila kumkatiza, kichwa kimeinama upande kama anavyowasikiliza wajukuu wa wenzake. Figo alipofika mwisho akauliza kama bado anayataka.

"Nimekusikia, mwanangu," Shangazi Peresi alisema, akaitua ndoo chini ya koki ndogo ya langoni. "Jaza mpaka juu."